Nilifua Saini za Timu ya Bosi, Mwenzangu Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla hamjaniuliza. Nimezunguka nalo miaka, nimelipeleka hadi kanisani na nikarudi nalo nyumbani. Leo nalitua hapa.

Nilienda Riyadh miaka ile maajenti walipokuwa wakipita hadi sokoni kwetu na fomu za Saudia. Nikaangukia nyumba moja Al-Naseem. Madam alikuwa mkali wa usafi. Mumewe, bosi, hakuwa na neno na mtu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: timu ya mbio za magari ya Marekani!

Alisoma huko ujanani, akaipenda. Kwenye majlisi, sebule ya wageni wanaume, alitundika ovaroli nyeupe ya fundi wa timu hiyo, imejaa saini za madereva na mafundi wake tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Kila Ijumaa wageni walisimuliwa historia. Ndugu wawili walianza na gari moja kwenye banda la kuku. Wakashinda, karakana ikaungua, wakajenga upya, wakashindwa miaka na miaka, hadi timu ikauzwa ikafa. Bosi akifika hapo analia. Baba wa watoto sita!

Mimi sikuruhusiwa kuingia wageni wakiwemo. Nilifikisha trei ya kahawa mlangoni, Baba Shiru akaipokea. Huyo alikuwa dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu wa Nakuru, mtu wa makamo. Ndiye aliyenifundisha Kiarabu. Ndiye aliyenipa simu yake nimpigie mama wiki niliyofika, nikiwa nalia kama mtoto.

Basi Ramadhani ikikaribia, madam akasema, "Yalla, kila kitu cha majlisi kifuliwe. Nataka kiwe cheupe!"

Kila kitu! Nami mtiifu nikatoa mapazia, nikatoa foronya, nikatoa na ovaroli. Kusema kweli niliionea huruma siku nyingi, nguo nzuri imechafuliwa na kalamu namna ile. Nikailoweka kwenye klorini.

Ilitoka nyeupe pepepe. Historia yote ya timu ilibaki kwenye beseni.

Mungu wangu! Ningemwendea madam saa ile ile, ningetukanwa, labda ningerudishwa kwa ajenti, yakaisha. Lakini nikajiona mjanja.

Nilikuwa nimejipiga picha mbele ya ovaroli ile, nikawatumia wasichana wa kwetu waone ninakofanya kazi. Nikachukua kalamu za watoto, nikaanza kunakili saini kutoka kwenye simu. Shida ni kwamba kichwa changu kilikuwa kimeziba kifua chote cha ovaroli. Hapo nikaweka saini ninazozijua: ya mwalimu mkuu wetu, ya pasta, na kubwa kabisa, juu ya mfuko, ya chifu wa lokesheni yetu. Hiyo niliijua vizuri, nilikuwa nimehangaikia barua zake za kitambulisho.

Ijumaa nikatega sikio mlangoni. Bosi alipofika kwenye mfuko akanyamaza. Nikasema halas, nimekwisha. Kumbe anavuta pumzi!

"Huyu," akasema, "alikuwa bora kuliko wote. Alimaliza mbio kwenye mvua, gurudumu moja limeng'oka."

"Mashallah!" wageni wakaitikia.

Wiki iliyofuata alikuwa ameshinda ubingwa mara tatu. Kufika Ramadhani alikuwa ameshakufa kwenye kona, na bosi akamlilia. Chifu wetu! Mtu asiyeweza hata baiskeli! Nilicheka hadi nikamwaga kahawa. Baba Shiru alipokea trei bila kucheka.

Baada ya Idd tukaenda Jeddah kwa kaka yake bosi. Sisi tulipanda ndege. Baba Shiru aliendesha gari peke yake siku nzima, ovaroli imo kwenye sanduku. Bosi alikuwa amempata mzee mmoja Mmarekani, aliyekuja Jeddah kikazi, ambaye zamani alikuwa fundi wa timu ile ile. Alitaka kumshangaza.

Mzee akavaa miwani, akainama. Nikiwa mlangoni na trei, nikamsikia akiuliza kwa Kiingereza, kwa upole, "Juu ya mfuko niliandika mimi mwenyewe. Hii yangu imeenda wapi? Na huyu ni nani?"

Hakuna aliyemuuliza bosi zile hadithi alizitoa wapi! Naye hakuwa tayari kukubali kwamba kwa wiki kadhaa alimsifu na kumlilia mtu asiyemjua. Alichouliza ni nani alibaki na sanduku peke yake njia nzima. Ikawa dereva ameuza ya kweli na kuweka ya bandia.

Madam akanijia jikoni. "Sema! Nani alishika hii nguo?"

"Ni dereva, madam. Yeye ndiye aliyeibeba."

Hayo tu. Shukrani ya punda ni mateke!

Polisi walimweka ndani siku kumi na mbili, kisha akarudishwa Kenya bila hata begi lake. Mwezi ule ule binti yake, Shiru, alikuwa anaposwa. Wazee wa mchumba waliposikia baba mtu amefukuzwa Saudia kwa wizi, walijitoa. Mimi nilimaliza mkataba wangu, nikapewa na zawadi ya uaminifu.

Mwaka jana nilienda Nakuru nikaungame. Nikaanza, "Baba Shiru, ile ovaroli..."

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilifuata funguo jikoni, nikakuona unaandika."

"Mbona hukunisema?"

"Nikuseme wewe, mtoto wa watu, ugenini? Nilijua utasema mwenyewe. Kule ndani, kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, nikijua umeshasema."

Nililia, wala machozi hayakunisaidia kitu. Shiru akaingia na chai, akanikaribisha vizuri, akaniuliza kama ni kweli nilifanya kazi na babake. Nikasema ndiyo. Mengine sikuweza.

Ndugu wasomaji, ukiharibu cha watu, sema siku hiyo hiyo! Utatukanwa, utalia, na utalala. Ukinyamaza, kuna mtu atasimama kila mlango unapofunguliwa, na si wewe unayeingia.