Darsa za Mchana wa Ramadhani

Mjomba wangu alikuwa na imani, na sitaki mtu anibishie. Akisikia mawaidha ya Pepo na Moto, alilia mpaka ndevu zikaloa. Kilichomshinda ni kufunga tu.

Tulikaa Bofu, Likoni, miaka ile ya kungojea uhuru. Chumba cha uani bibi alimpangisha Mkristo wa bara aliyefanya kazi ya usiku bandarini. Mtu mpole, kanisani haendi ila Krismasi. Aliamka adhuhuri, akapika ugali na mchicha, na Ramadhani ikiingia, hiyo ndiyo sufuria pekee nyumba nzima iliyokuwa motoni mchana.

Basi Mjomba akajitolea kumsomesha dini. Kila siku saa hiyohiyo, mlango umefungwa. Bibi alifurahi mno, mwanawe anamwokoa mtu! Mimi niliyekuwa nikifua uani nililisikia darsa lenyewe. Lilikuwa likitafunwa. Nikanyamaza, maana nani atanisadiki?

Jioni moja tumekaa jamvini tunafuturu, mpangaji akapiga hodi, mkononi ana tende. Akamwambia bibi kwamba anaona haya kula huku wenye nyumba wana njaa. Kuanzia kesho, naye atafunga.

Bibi machozi yalimlengalenga. Mjomba sambusa ilimkwama kooni.

"Haiswihi!" akafoka alipoimeza. "Funga bila imani ni njaa tu. Mwacheni mtu ale ugali wake!"

"Wewe si ndiwe umsomeshaye?" bibi akamuuliza. "Leo yuwataka kufunga, wewe wamkataza?"

"Aanze na imani kwanza, mama. Kufunga ni mwakani, inshallah."

Nilijiuma midomo nisicheke. Sijapata kumwona mtu akimtetea Mkristo kwa uchungu kiasi kile.

Mpangaji, ambaye siku zote alidhani watu wa makamo ya Mjomba wameruhusiwa kula, akamgeukia kwa huruma ya kweli.

"Mzee, usiwe na wasiwasi juu yangu, mimi nitavumilia. Lakini wewe, mchana utakuwa unakula wapi?"

Watu wote waliacha kutafuna. Bibi akaiondoa sahani ya tambi mbele ya mwanawe, akamsogezea mpangaji.

"Karibu, mwanangu. Keti ule."

Mjomba akainuka, akasema yeye hana njaa. Wallahi, hilo lilikuwa kweli.