Ndizi Tulizompa Ng'ombe

Harufu ya ndizi mbivu ilijaa sebuleni kwa shangazi, hapa Kitale, na hasira yangu ya utotoni ikaamka nayo. Mimi ndiye niliyezibeba kutoka kwa mama, kijijini Kabuchai. Ngojeni niwaambie kwa nini nilitamani kuzirudisha.

Nilipokuwa darasa la tatu, mdogo wangu Wafula aliugua malaria. Homa ilipopoa alibaki mifupa mitupu, na kila alichokula alikitapika. Mama alikuwa amevundika mkungu wa ndizi kisukari, zile ndogo tamu, ndani ya gunia, chini ya kitanda. Kila asubuhi alifungua gunia, akaminya moja, akasema bado. Alisubiri ganda liwe na madoadoa meusi, maana hapo ndipo utamu umekolea na tumbo dhaifu halihangaiki. Madoa yalipotokea, alimpondea Wafula ndizi moja kwenye kikombe. Aliimaliza, na haikurudi. Mama akaanza kuimba jikoni.

Mchana akafika shangazi, dada yake baba, na soda na mkate. Alikuwa karani mjini, na viatu vyake tulivipangusa sisi. Akachungulia gunia.

"Mama Wafula! Ati mgonjwa unamlisha vitu zimeoza? Si hizi ni za ng'ombe, bana!"

Mama alibeba gunia hadi zizini, akamwaga. Ng'ombe alitafuna na maganda yote, mate yakimdondoka, nami nikalia kwa uchungu. Wafula alikunywa soda, akaitapika yote.

"Nataka ndizi," akasema.

Hazikuwako. Tulingoja mkungu mwingine ukomae, naye akitembea kwa kushika ukuta kama mzee. Aliyenenepa ni ng'ombe!

Kwa miaka mingi nilidhani mama hakujua kitu. Kumbe alijua vizuri sana. Aliaibishwa nyumbani kwake, mbele ya wanawe, na aibu ikamshinda.

Juzi daktari alimwambia shangazi ale ndizi, eti zina potasiamu, zitamsaidia na presha. Akampigia nani simu? Mama! Naye akavundika mkungu mzima, akangoja madoa.

Shangazi alimaliza moja, akalamba vidole.

"Hizi ndizi zenu zimekuwa tamu siku hizi."

Siku hizi! Nilifungua mdomo nimjibu, nikamkumbuka mama akinikabidhi gunia: "Peleka leo. Ni mgonjwa."

Nikammenyea ya pili, kwa hasira.