Nta Kwenye Dari

Nilipojenga nyumba yangu Ipuli nilitaka baraza la juu, la zege, nikae pale jioni nikitazama mji. Majirani wote walipiga bati, nami nikajiona wa maana. Tulipomaliza kupaka niru, ule uji wa saruji wenye dawa ya kuzuia maji, fundi alitaka tuzibe bomba la kutolea maji, tujaze maji juu siku mbili, tuone kama baraza linavuja. Nikamkatalia. Maji yenyewe ya mgawo, niyamwage kwenye zege?

Mwaka huo baba alikuja kutoka Sikonge, kifua kikimsumbua. Alikuwa mrina asali maisha yake yote. Nikampa chumba kilicho chini ya baraza kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote. Mvua zilipoanza, akaniambia tukiwa mezani, kwa upole, "Mama, kule kwangu kunadondoka."

"Baba, lile ni zege, si nyasi za Sikonge. Labda ulimwaga chai."

Watoto walicheka, naye akacheka. Hakulisema tena. Mimi nina mdomo, na nikishasema sirudi nyuma. Tena chumba cha baba mtoto wa kike haingii ovyo, na heshima hiyo ilinifaa sana, maana sikwenda kutazama.

Baada ya wiki chache akasema ameikumbuka mizinga yake. Kikohozi kilikuwa kimezidi. Nikambembeleza kidogo tu, nikampeleka stendi. Alifariki hukohuko kabla mvua hazijaisha.

Nilipotoka msibani ndipo nikafungua chumba chake. Kitanda alikisogeza hadi kikakaribia kuziba mlango. Beseni lilikuwa katikati ya sakafu, limejaa. Juu, kwenye ufa wote wa dari, alikuwa amebandika nta. Aliilainisha kwa mikono, akaikandamiza kipande kwa kipande, na alama za dole gumba lake zilionekana zote. Nyuki huziba mzinga wakiwa ndani, naye ndivyo alivyojua kuziba. Mzee wa kifua kibovu, kasimama juu ya kitanda, ili mimi nisiaibike.

Fundi alirudi. Akabandua niru yote, akaweka mteremko kuelekea bomba, akabandika karatasi nene ya lami kwa moto. Alipoingia chumbani akatazama juu. "Huyu aliyeziba kwa chini alijisumbua bure, mama. Maji unayazuia kulekule juu."

Nilimfokea, maskini, hakujua. Alipotaka kuikwangua ile nta apake rangi, nikamkataza.

Safari hii nilinunua maji boza zima, tukajaza baraza. Siku mbili nilishinda kwenye kitanda cha baba nikitazama dari. Halikudondoka hata tone. Nikalia kwa uchungu, nikitamani lidondoke japo mara moja, nipate kumwambia, "Kweli, Baba. Kunadondoka."