Disiki Bora za Mwaka wa Waasi

Mwenye gramofoni wa bandari ya Kalundu hashiki disiki katikati. Huibeba kwa kingo, kama bakuli la uji wa moto, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaipuliza, ndipo akaitua. Kila mwisho wa mwaka, baada ya misa, wapagazi wa bandari hujaa kwenye baa yake kuchagua disiki bora kwa makofi: bluzi, soul, nyimbo za milimani. Yeye habishani na makofi.

Jumapili ya kuchagua, mwaka ule waasi walipoingia mjini, mpagazi Firmin alipaza sauti: “Papa, tia ile ya mama wa Amerika! Weye unajua, hakuna iliyoipita!”

Mzee aliitoa, akaitazama, akairudisha polepole. “Ile iko na mikwaruzo, mwanangu.”

Firmin aliiona inavyong’aa. Akafungua kinywa abishe, ndipo akamwona Georgette, muuza samaki, akijitwika beseni lake na kutoka. Ile ndiyo disiki iliyokuwa ikilia siku waasi walipomkamata mume wake humo ndani ya baa, wakaamuru watu wacheze. Wengine waliburuta miguu tu. Firmin siku ile alicheza mpaka wimbo ukaisha, kisha akapiga makofi ili urudiwe.