Mkwe Wangu Amesema

Tsuma wa Ngumbao alikuwa na uongo mmoja kwa kila mti wa Kilima cha Mirihini, na miti mikubwa aliitengea wa pili wa akiba. Simsengenyi. Mwenyewe siku hizi huyasema haya mbele za watu, na aliyejisuta hana wa kumsuta. Kwa miaka tisa aliwapandisha wageni kilima kile, huko nyuma ya Kaloleni, akiwafunza wanyama, mimea na mawe. Walishuka wameridhika, madaftari yamejaa, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyeshuka na neno la kweli.

Akili anazo, tena za kutosha. Ila yeye ni mtu wa Mnarani, amezaliwa kando ya maji, na kilima alikijua kwa kukiona mbali. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwagilia maua katika hoteli moja ya Bofa, na huko ndiko alikojifunza jambo lililomharibu. Aligundua kwamba mgeni anayeuliza ua hili laitwaje hataki jina la ua, ataka kujibiwa. Mjibu upesi, macho makavu, naye atashukuru na kuandika. Sita kidogo tu, ataondoka kumtafuta mwingine. Hoteli ilipopunguza watu, Tsuma akamfuata mkewe Nelly kwao, akajenga chini ya kilima, majirani wakamcheka kwa kuhamia ukweni, naye akatundika kibao njiani: MATEMBEZI YA MLIMANI, ELIMU NA BURUDANI.

Burudani ilikuwepo, sikatai. Kilima kile kina mawe yenye alama za kujikunja, mfano wa konokono. Wenye elimu yao husema ni viumbe wa baharini waliogeuka mawe, kwamba hapo juu palikuwa bahari kabla mtu yeyote hajazaliwa. Tsuma hakulijua hilo, na lau angelijua angeona ni uongo usiouzika, basi akawaambia wageni ni chapati za majini zilizoachwa jikoni zikakauka. Mgurure mkubwa wa kileleni aliubatiza Mti wa Vasco: ati yule Mreno aliukwea kulitafuta Bara Hindi, akaona moshi wa pilau kwa mbali, akajua njia. Na pimbi, yule mnyama mdogo wa mapangoni asiyezidi sungura, alimwita ndugu wa tembo aliyekataa kukua kwa uvivu. Siku moja mwalimu wa chuo kikuu akamshika mkono kwa furaha, akamwambia hayo ya pimbi na tembo kuwa ukoo mmoja ni kweli tupu, wataalamu wamehakikisha. Tsuma alikosa raha siku tatu. Uongo wake umegeuka kweli bila yeye kuombwa ruhusa!

Mtu aliyekijua kilima kile alikuwa mmoja, naye ni mama mkwe wake, Mama Kahonzi. Bibi huyo alianza kuchuma dawa Mirihini kabla hajaota meno ya utu uzima. Ungemfumba macho ukampa jani, angekuambia mti wake, ugonjwa wake, na mtu wa mwisho aliyeponywa nalo. Na huyo ndiye mtu pekee ambaye Tsuma hakuweza kumuuliza kitu. Kwao Wagiriama mkwe ni mutsedza, na mutsedza hakaribiwi. Hamkai pamoja, hamtazamani usoni, hamwitani jina. Mkikutana njiani mmoja aiache njia, mwingine ageuke kando na kujifunika leso hadi mpitane. Na kubwa kuliko yote, hakuna kumvunjia mwenzio heshima mbele ya watu, hata akiwa na kosa la wazi.

Ndiyo maana wageni walizoea kumwona Tsuma, katikati ya maelezo, akiruka ghafla na kutokomea kichakani. Akirudi huwaambia amesikia harufu ya chui. Wageni hushika vifua, hupiga picha za kichaka. Chui mwenyewe ni Mama Kahonzi, na mzigo wake wa kuni.

Maisha yakaenda hivyo hadi mwaka jana, ofisi moja ya wakubwa ilipotoa amri: kila mwongozaji wa matembezi apimwe na apewe beji, na asiye na beji, hoteli zisimpelekee mgeni hata mmoja. Nelly aliisoma barua ya amri hiyo mara mbili. Kisha akamwambia mumewe kwamba watoto wote watatu wanakula kwa kile kilima, na kwamba Bofa hawaajiri tena mtu wa miaka arobaini na mitano kumwagilia maua. Tsuma akamtuliza. Mtihani ni maneno, akasema, na maneno anayo. Nelly akamwambia polepole kwamba njia ya mwongo ni fupi, akaingia ndani.

Mpimaji akaja Septemba, wakati majani yamekauka. Alikuwa mwanamke mmoja kutoka bara aitwaye Mueni, mpole, mwenye viatu vipya vya kukwea milima ya theluji na fomu yenye kurasa kumi na moja. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa Pwani husalimiana shikamoo, basi akampa shikamoo kila aliyekutana naye, hadi mtoto wa Tsuma wa miaka minne, aliyeitika marahaba bila wasiwasi. Fomu ilitaka mtu wa jamii, mjuzi wa asili, aandamane nao ili athibitishe kila lisemwalo. Mzee wa mtaa alikuwa amekwisha kumchagua. Fomu ilikuwa na nafasi ya umri, ya dini na ya namba ya simu. Ya ukwe haikuwamo.

Tsuma alipofika chini ya kilima asubuhi ile, akaiona leso anayoijua, imegeuka kando. Akaruka kichakani hata salamu hajamaliza. Mueni akabaki na mkono hewani.

Ndipo ulipofanyika mtihani ambao, kwa kadiri nijuavyo, haujapata kufanyika duniani. Tsuma alitangulia, hayumo njiani, amejipenyeza vichakani sambamba na njia, akitoa maelezo kwa sauti kubwa kama mnadi wa samaki. Mueni akafuata katikati, akizungumza na majani. Nyuma kabisa, hatua thelathini, Mama Kahonzi, ambaye kila wakisimama aligeuza mgongo akatazama Kaloleni. Kwenye fomu Mueni akaandika kwamba mwongozaji hujificha ili wageni wajifunze kusikiliza mazingira. Akampa alama zote za ubunifu.

Wakafika kwenye mawe. Tsuma huko alikojificha jasho lilimtoka. Kusema kweli hawezi, maana haijui. Kunyamaza ni kuikosa beji. Ulimi ukafanya ulichozoea, ukazitoa chapati za majini, moto moto. Mueni akageuka kumuuliza yule bibi kama ni kweli.

Mama Kahonzi alikawia. Mawe yale aliyajua, babu yake alimwonyesha na kumwambia hapa palikuwa pwani. Lakini aliyesema ni mume wa mwanawe, na anayeuliza ni mgeni.

"Mkwe wangu amesema," akajibu.

Mueni akaandika: imethibitishwa.

Kwa pimbi ikawa vivyo hivyo. Kwenye Mti wa Vasco, Tsuma, aliyekwisha kuona kwamba ukuta aliouogopa umegeuka wa kumkinga, akatia chumvi. Akasema Vasco aliacha kofia yake mle mtini na nyuki wakaifanya mzinga. Mueni akauliza. Safari hii bibi alikawia zaidi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. Mkwe wake amesema. Mueni akaandika kofia. Tsuma alitabasamu peke yake kule porini, na hapo, msomaji wangu, ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

Lakini kilima kina mwenyewe. Mueni alisahau kalamu mtini, akarudi kuichukua, na Mama Kahonzi ikambidi asogee mbele kumpisha. Tsuma alisikia nyayo zake zinakaribia, akafanya kama adabu inavyotaka: akageuza uso akarudi kinyumenyume, upesi upesi, bila kutazama aendako. Bibi aliona anakokwenda. Akafungua kinywa. Kumwita jina hawezi, kumpigia kelele hawezi. Akakifunga kinywa, na mkwe wake akaingia mgongo mzima kwenye upupu uliokauka.

Mwenye kuujua upupu hahitaji kuelezwa, na asiyeujua Mungu amzidishie. Kwanza ilikuwa kimya. Halafu kichaka kikaanza kutikisika. Tsuma alijikuna shingo, akajikuna mgongo kwa shina la mti, akalia kwa sauti ya chini kwa kuwa mama yupo. Shati lilijaa yale manyoya ya moto, lilitaka kuvuliwa, na suruali nayo. Na mwanamume avue nguo mama mkwe akiwa hatua kumi? Bora afe. Mueni, ambaye hakuona kitu ila majani yakiruka, akauliza kwa heshima kama hii nayo ni sehemu ya matembezi.

Mama Kahonzi akageukia mgurure, akaanza kuusemesha.

"Wewe mti," akasema, "mwenye upupu asijikune. Avue. Mimi naondoka, sina macho."

Akachuma majani ya mmea mmoja mdogo uliotambaa chini ya mti, akayafikicha na udongo laini, akayaweka juu ya jiwe, akashuka njiani hadi asipoweza kuona. Mueni akayapeleka hadi ukingo wa kichaka, mkono ukatoka ukayapokea. Baada ya dakika chache kilio kikapungua.

Sasa fomu ilikuwa na swali la mwisho, la mmea wa hatari na dawa yake. Mueni, asiyeacha nafasi tupu, akasema kwamba mmea amekwisha kuusikia unaitwa upupu. Je, dawa yake ni mmea gani?

Tsuma alikuwa uchi, amepakwa matope, amechuchumaa. Jibu lilikuja lenyewe, lilikuja na jini na sultani na binti yake mgonjwa. Likamfika hadi kwenye ulimi. Kisha akamkumbuka mama kule chini, amegeuza mgongo, akingoja kuubeba uongo mwingine wa mkwewe kwa mara ya nne. Aibu ilimpanda kuliko upupu.

"Sijui," akasema. "Miaka tisa napita juu yake, sijui hata jina lake. Aulizwe mama."

Mueni akamwuliza mara mbili kama aandike hivyo, maana alama itapotea. Akaambiwa aandike. Akashuka hadi kwa bibi akamsomea: mwongozaji anasema hajui. Akauliza, kama fomu ilivyotaka, iwapo hilo laweza kuthibitishwa. Mama Kahonzi akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mkwe wangu amesema!"

Beji ilikuja baada ya mwezi. Barua yake ilimsifu Tsuma kwa mawe, wanyama na historia, na ikamwonya ajisomee dawa za mimea, ambako alionyesha udhaifu. Pamoja nayo kilikuja kijitabu cha rangi kwa ajili ya wageni, chenye chapati za majini na kofia ya Vasco, na chini yake maneno: imethibitishwa na jamii. Nelly alifurahi, akaitundika beji ukutani. Tsuma hakula vizuri siku hiyo.

Jumamosi akawapandisha wageni wanane, beji kifuani. Walipofika kwenye mti mkubwa akawaambia huu ni mgurure, Vasco hakuufikia, na zaidi ya hapo yeye bado hajui. Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya majani, akafungua kijitabu akamwonyesha kwa kidole kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tsuma akamwambia kijitabu kimeupata uongo huo kwake. Mzee akakasirika. Alilipia mtu anayejua, akasema, basi aletewe mtu anayejua.

Tsuma akatazama chini ya njia. Bibi mmoja mwenye kuni alikuwa amesimama huko, amewapa mgongo, leso kichwani, akingoja wapite.

"Ndiye yule," akawaambia. "Lakini mimi siwezi kumwita. Mwiteni nyinyi."

Akatoka njiani kumpisha, safari hii akiangalia kwanza anakanyaga wapi.