Maharage Kumi na Saba

Tulipofika kwenye mizani ya kahawa, shangazi alivua kanga yake ya juu, akaikunja, akanipa niishike. Alidhani kanga nayo ingemwongezea uzito. Kisha akapanda juu ya ubao wa mizani, pale yanapowekwa magunia, akanishika bega asije akaanguka.

"Mwachie bega," karani wa mizani akasema. "Unapima watu wawili."

Shangazi akaniachia. Karani akasogeza chuma, akakirudisha, akakisogeza tena. Watu waliokuwa wamepanga foleni na magunia yao wakanyoosha shingo.

"Ratili mia mbili na kumi na nne," akatangaza. "Shangazi, ungekuwa kahawa, msimu huu tungefunga mapema twende tukapumzike."

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, lakini aliposhuka alisimama kwanza, akihema kama aliyepanda mlima. Hatukuwa tumepanda popote.

Hayo yalikuwa Ihanda, wakati wa Mwingereza, kahawa ilipokuwa imeanza kuzoeleka kwenye vilima vyetu. Zahanati ya misheni haikuwa na mizani ya watu wazima, ilikuwa na ile ya watoto wachanga tu. Dresa wa zahanati, aliyeona magoti ya shangazi yalivyovimba na kusikiliza kifua chake, ndiye aliyetutuma kwa karani. Alitaka kujua pa kuanzia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, au karibu. Baba alifia kusini alikokwenda kufanya kazi za migodini, mama akamfuata kwa homa, nami nikaacha shule darasa la tatu kwa sababu nyuma yangu walikuwapo watatu, wavulana wawili na msichana. Shangazi, dada wa baba, alikuwa mjane asiye na mtoto. Alirudi nyumbani kwa baba yake akatushika. Yeye alilima, mimi nililima, tukala.

Sasa magoti yake yalikuwa yamekataa. Mwaka uliotangulia alilima nusu ya shamba, nusu nyingine niliimaliza peke yangu, na mavuno yalionyesha. Mjomba, kaka wa mama, aliyekaa ng'ambo ya mpaka, mbele ya Tunduma, alikuja baada ya mavuno akatazama ghala letu, kisha akamtazama shangazi anavyoinuka kwenye kigoda.

"Shemeji, sisemi kwa ubaya," alisema. "Nitarudi mvua za kwanza. Nikikuta huwezi kushika jembe, wavulana nawachukua mimi. Msichana atakwenda kwa baba yake mdogo. Huyu mkubwa ataolewa."

Huyu mkubwa ni mimi. Alilisema nikiwa nimesimama na sufuria mkononi.

Basi tulikwenda zahanati. Dresa hakuzunguka. Akasema magoti yale hayana ugonjwa mwingine zaidi ya mzigo yanayoubeba. Apunguze mwili, atatembea.

"Nipunguzeje?"

"Utakula mara mbili kwa siku. Asubuhi na jioni, basi."

"Mara mbili! Kama mbwa?"

"Mbwa wako ana magoti mazuri kuliko yako, mama."

Na pale kwenye mizani, karani alipoambiwa habari ya mara mbili, akatikisa kichwa. Alikuwa amewahi kutumika kwenye shamba la mzungu, na bibi wa shamba lile naye alitaka kupungua. "Alikula mara sita," karani akasema. "Lakini kidogo kidogo. Nusu yai. Biskuti moja. Chai tupu."

"Akapungua?" shangazi akauliza.

"Niliacha kazi kabla sijaona."

Njiani kurudi shangazi alikuwa na furaha. Mimi nilibeba kanga yake, kikapu, na uzito wake kwenye bega, nikahesabu miti ili nisihesabu hatua.

Miezi miwili alifuata shauri. Nashuhudia, maana mimi ndiye niliyepika. Ugali asubuhi, ugali jioni, tonge ndogo, mboga ya majani. Mchana nyumbani hakugusa ugali, hata wadogo zangu walipokula mbele yake. Tukarudi kwa karani. Ratili mia mbili na kumi na tano.

"Mizani yako imelewa," shangazi akamwambia.

"Mizani hainywi, shangazi. Labda wewe."

Sikucheka. Siku ile nilikuwa nimeamka kabla ya kuku, nimetwanga, nimechota maji mara tatu, nimemtembeza mwendo ambao mtu mwenye magoti mazima anautembea kwa muda wa kupika maharage, sisi tukautembea tangu asubuhi hadi jua la utosi. Na mvua zilikuwa zimebaki mwezi mmoja na siku chache. Nilikaa juu ya gunia la mtu nikaona tu giza machoni.

Siku iliyofuata niliamua kumfuata. Shangazi alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kuwatazama wagonjwa na waliofiwa, na siku hiyo alikuwa na nyumba nyingi za kupita. Nikamwambia nitamshikilia njiani. Mfukoni nilitia maharage makavu, na katika pindo la kanga nikafunga fundo tupu.

Nyumba ya kwanza tulikuta viazi vitamu vya kuchemsha. Akala kimoja. Nikahamisha harage moja kutoka mfukoni kwenda kwenye fundo. Nyumba ya pili togwa, kikombe kilichojaa. Harage la pili. Kwa mama mmoja aliyekuwa akipukuchua karanga alikaa akamsaidia kazi, na kila karanga ya kumi ilipotea mdomoni. Nilitia harage moja tu, nikaona namwonea huruma. Kisha boga. Kisha hindi la kuchoma, aliloshindwa kulimaliza akaja nalo njiani. Penye msiba walimwekea kande, naye akala, kwani pale kwetu mtu akipita penye chakula akakaribishwa, hana namna ya kukataa. Ukikataa umesema kwamba mwenye nyumba anaweza kukutilia kitu. Mama aliyefiwa, umwambie hivyo?

Kila tulipotoka nje alijifuta mdomo akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Jua liko wapi? Leo jioni utapika mapema? Sijala kitu tangu asubuhi."

Na hakuwa anadanganya. Kwetu kula ni ugali. Mtu aliyeshiba viazi anakwambia hajala, na wewe unamwonea huruma, unasonga. Hata mimi, niliyekuwa nikimhesabia miezi yote miwili, nilihesabu ugali tu. Dresa naye, mtu wa kwetu, alisema mara mbili akadhani tumeelewana.

Jioni nilifungua fundo nikayamwaga maharage kwenye mkeka mbele yake.

"Haya ya nini? Mbegu?"

"Ni leo, shangazi."

"Leo nini?"

"Kila mara kitu kilipopita kooni. Yako kumi na saba. Bado ugali."

Aliyatazama. Aliyapanga kwa kidole, mawili mawili, moja likabaki. Nilingoja anitukane.

"Lakini karani alisema kidogo kidogo," akasema mwishoni. "Nilifuata yote mawili, mwanangu. La dresa kwa ugali, la karani kwa vitu vingine."

Nikashindwa, nikacheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha hayakuwa tena ya kicheko. Alisema, "Nitawapoteza watoto wa kaka yangu kwa sababu ya maboga ya watu."

Wadogo zangu walikuwa uani. Tuliwasikia wakigombania kamba.

"Na wewe," akaniuliza baadaye, akijipangusa. "Yako yangekuwa mangapi?"

Nikainuka kutazama moto.

"Nimekuuliza."

"Moja."

Lilikuwa ukoko wa jioni, wakishakula wengine. Nilikuwa nimeanza hivyo mwaka wa ghala dogo, na sikuona sababu ya kuacha. Si wema. Unazoea, na mwili unaacha kukusumbua, unabaki na uchovu tu.

Shangazi aliokota maharage yote akayatia mkononi mwangu, akanifumba vidole. "Kesho nenda kwa dresa. Mwambie anipe mwiko. Mimi kwa mdomo wangu siwezi kumkatalia mtu chakula chake, hata nikifa. Lakini dawa yenye mwiko watu wataiheshimu."

Dresa alinisikiliza huku akifunga bandeji. "Hakuna dawa ya kupunguza mwili."

"Najua. Nipe yoyote isiyodhuru. Ninachotaka ni masharti yake."

"Yaani nidanganye?"

"Umwambie ale mara tatu, anywe dawa na chakula, na katikati pasipite kitu ila maji. Hilo ni uongo?"

Alifikiri. "Kwa nini mara tatu? Nilisema mbili."

"Kwa sababu njaa ya mchana ndiyo inayompeleka kwenye viazi vya watu. Na mara tatu atakaa chini, sahani moja, ainuke, iishe."

Akanitazama kama mtu anayetaka kuniuliza niliishia darasa la ngapi. Alinipa chupa ya maji machungu, dawa ya kutuliza tumbo, akasema kijiko kimoja. Akaongeza kwa sauti kubwa, wagonjwa wote kwenye benchi wasikie, kwamba atakayemlisha mama yule katikati ya dawa, lawama ni yake mwenyewe. Kabla ya jua kuzama Ihanda nzima ilijua.

Mwiko ulishika. Akina mama walimkaribisha kwa maneno tu: "Karibu shangazi, tungekupa, lakini una dawa." Mmoja alificha karanga zake alipomwona, kama mtu anayemficha mtoto moto. Shangazi alirudi nyumbani akinuna. Alikasirika wiki nzima ya kwanza, akanisema kwa chumvi, kwa maji, kwa ufagio. Lakini sharti moja aliliongeza yeye, ambalo dresa hakulitoa: mwiko ni wa watu wawili. Nisipokaa naye mara zote tatu, naye hali. Kwa hiyo nilikaa. Mchana, kazi zikiwa zimenizunguka, nilikaa nikatafuna, naye ananitazama mdomo. Kumeza kulikuwa kazi kama kazi nyingine.

Sikumrudisha kwenye mizani. Nilimtazama anavyoinuka kwenye kigoda. Kwanza mikono miwili ukutani, kisha mmoja. Siku moja aliinuka na sahani mkononi, hakugusa ukuta, na wala hakujua kwamba nimeona.

Mvua ya kwanza iliponyesha tuliingia shambani. Alilima tuta moja, akakaa. Lingine, akakaa. Siku ya nne, jua likiwa limepanda lakini halijafika utosini, nilimwona mjomba anakuja na njia ya bonde, na mzigo wa samaki wakavu kichwani, ametembea tangu Tunduma. Alisimama pembeni ya shamba. Shangazi hakumgeukia; alimaliza tuta lake mpaka mwisho, ndipo akaegemea mpini.

"Karibu, shemeji."

Tulimwandalia pale pale kivulini, ugali na samaki wake mwenyewe. Mjomba akanawa, akangoja.

"Nawa tule, shemeji."

"Bado saa yangu," shangazi akasema.

"Hata na mimi? Nimevuka mpaka mzima."

"Hata na wewe. Nina mwiko."

Nikaona uso wa mjomba unabadilika, kwa kuwa kumwacha mgeni ale peke yake ni kumtukana. Lakini aliangalia nyuma ya shangazi, kwenye matuta. Yalikuwa kumi na moja, yamenyooka, udongo bado mweusi. Akaanza kula. Alikula polepole, peke yake, sisi wawili tumekaa tukimtazama na njaa yetu.

Alilala kwetu, asubuhi akaondoka. Wavulana walimsindikiza hadi kijito wakarudi wakikimbizana. Samaki alituachia.

Shangazi hakuwa mwembamba siku yoyote ya maisha yake. Karani aliendelea kumtania mpaka mizani ilipohamishwa. Jioni ya siku ile aliyoondoka mjomba tulikaa mkekani saa yetu ilipofika, watano sote, nikakata tonge, nikalichovya. Wadogo zangu waliniambia baadaye kwamba sikulifikisha mdomoni. Nilisinzia nimelishika, na shangazi akakataa wasiniamshe, akakaa bila kula mpaka nilipofumbua macho.