Chemba Chini ya Kiti cha Askofu

Kwa miaka thelathini fundi bomba alimwambia mkewe kwamba alisoma shule ya mapadre, darasa moja na Askofu na Jaji, na huko walimwita Kiroboto. Mkewe, mama mwenye ulimi usiolala njaa, alikuwa akimjibu kuwa hata yeye alisoma na malkia. Ushahidi ulikuwa upande wa mama. Ukumbini pale shuleni kuna ubao wa wahitimu mashuhuri, majina ya rangi ya dhahabu kibao, la Kiroboto halimo. Ubao wa namna hiyo hauandiki waliofukuzwa kidato cha tatu kwa kunywa divai ya misa.

Siku ya jubilei ya shule, wahitimu mashuhuri wamealikwa wote, vyoo vikaziba. Tumbo la mtu mashuhuri, ukweli usemwe, ni tumbo tu. Padre mkuu wa shule akamwita fundi aje mbio. Mkewe alikuwa kashafika tangu asubuhi, kibarua cha kuosha sahani.

Chemba ya maji machafu haikuonekana wala ramani haikuwepo. Kiroboto hakuuliza mtu. Aliburuta waya wake wa kuzibulia mpaka chini ya turubai, kwenye meza kuu, akamsalimu Askofu Tumsifu Yesu Kristu, akaitikiwa.

"Sasa Baba Askofu, naomba unyanyuke. Chemba umeikalia."

Padre mkuu akamvuta mkono, akasema hapo ni saruji tupu tangu yeye hajazaliwa.

"Saruji tuliimwaga sisi," akasema Kiroboto. "Mimi, Baba Askofu na huyu Jaji. Adhabu ya kucheka kanisani. Kwa haraka ya kuwahi mpira, tukafunika na chemba humo humo."

Jaji akaanza kuikagua glasi yake. Hapo mke wa Kiroboto alisimama na sahani inachuruzika, anangoja mumewe aumbuke mbele za watu. Askofu akaitazama saruji chini ya viatu vyake.

"Kiroboto," akasema, "si ulituapia hakuna atakayejua?"

Sahani ilivunjika, ila hakuna aliyeigeukia. Askofu akanyanyuka na kiti chake mwenyewe, meza ikasogezwa, nyundo ikafanya kazi, na harufu iliyotoka ikafupisha hotuba zote.

Picha ya wahitimu mashuhuri ilipigwa hapo hapo. Kiroboto yuko katikati na ovaroli lake, Askofu kaegemea kulia, Jaji kaegemea kushoto, wote wawili wamebana pua. Mkewe kaitundika sebuleni. Mgeni akiuliza, humwonyesha wa katikati.

"Huyu ndiye wangu. Hao wengine alisoma nao."